Mota Kumi na Mbili Zilizonyamaza

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo, wiki mbili kabla ya wakati wake, na pamoja nayo imekuja barua ya Matroni, mkuu wa wauguzi. Mjomba, mwenye karakana hii, aliisoma akiwa amesimama, akanipa mimi, kisha akakaa. Baiskeli kumi na mbili za umeme tunazozihudumia, zile wanazotumia wauguzi wa kituo cha afya kuwafuata wagonjwa majumbani, zinapiga kelele mno. Wagonjwa wenyewe wanalalamika. Hawa si watu wa mafua. Ni watu ambao hospitali imeshawarudisha nyumbani, wameshikwa na maumivu kiasi kwamba mlango ukigongwa tu wanashtuka. Matroni ameandika: "Mgonjwa mmoja ameniomba muuguzi awe anakuja kwa miguu." Tumepewa siku nane. Tukishindwa, baiskeli zitarudishwa kwa waliozitoa na wauguzi watatembea.

Dada yangu ni mmoja wao. Tunakaa wote, mimi na yeye, tangu mama afariki. Kituo kiko juu, penye tangi la maji, na wagonjwa wengi wako bondeni, upande wetu wa karakana. Njia ni moja: mteremko wa zege lililochakaa, wenye kona mbili, na chini kabisa kuna daraja jembamba lisilo na ukingo. Nikimfikiria Dada akiupanda ule mlima kwa miguu na begi la dawa, na ule mgongo wake mbovu, naona hatamaliza wiki.

Daftari hili nimelichukua stoo liwe la vipimo. Naona nimeshaanza kuandika mengine.

Jumatano, 6 Machi

Nimefungua mota ya namba moja. Mota hizi zimefichwa ndani ya gurudumu la mbele. Zinazunguka kasi sana, na gia tatu za plastiki ngumu zinaupunguza mwendo huo ili gurudumu lizunguke polepole lakini kwa nguvu. Grisi ya kiwandani imerushwa yote, imegandia kwenye kifuniko kama ukoko wa uji. Gia zenyewe kavu, zinasagana. Kelele yote ni hiyo. Si ubovu, ni kiu.

Mjomba sikio lake moja liliharibiwa zamani na mashine za kukata chuma. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye ekseli na mpini kwenye lile sikio zima, akasikiliza akiwa amefumba macho. "Inalia kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi," akasema. Nilicheka kuliko kichekesho chenyewe kilivyostahili. Ni woga huo. Karakana hii ndiyo kila kitu chetu, na nimebakiza siku sita.

Ijumaa, 8 Machi

Grisi mpya imefika. Nyeupe, nzito, inanata kwenye kidole kama asali iliyopoa, imetengenezwa kwa ajili ya gia za plastiki. Tumeipima kwa mizani ya stoo. Kwa gramu kumi na tano, namba moja imeacha kusaga lakini bado inaimba kidogo, hasa ikianza kupanda. Kwa gramu thelathini na tano imenyamaza kabisa.

Spana hakupenda. Spana ni fundi mwenzangu, mtu mrefu asiyecheka. Hilo jina la utani limemganda mpaka jina lake la kweli sisi wote tumelisahau. Alikuwa hapa miaka sita kabla yangu, na Mjomba aliponifanya mimi fundi mkuu hakusema kitu. Hakusema kitu kwa wiki tatu nzima.

"Kumi na tano inatosha," alisema leo.

"Bado inaimba. Husikii?"

"Nasikia. Iache iimbe. Ukijaza, mota ikipata moto mafuta yatajitenga na grisi, yatafute pa kutokea."

"Sili ipo, itayazuia."

"Sili ni mpira, fundi. Si ukuta." Akafuta mikono. "Tuijaribu wiki moja mlimani, na mzigo, kwenye mvua. Halafu tuseme."

"Wiki tuitoe wapi?"

Mjomba akatukata kauli. Thelathini na tano.

Nayaandika haya nisiyasahau: Spana ana kijicho.

Jumapili, 10 Machi

Zote kumi na mbili zimefungwa. Mikono inanuka grisi hata baada ya sabuni mara tatu.

Jumanne, 12 Machi

Tumezikabidhi. Matroni alisimama uani, akaligeuzia geti mgongo, akafumba macho, na muuguzi mdogo kuliko wote akaendesha kupita nyuma yake. Huyu wanamwita Kasuku, kwa sababu hata akiwa peke yake anaongea.

"Mwambieni aanze basi," Matroni akasema.

"Ameshapita, Matroni."

Uwanja mzima ulicheka. Kasuku aliruka chini akanikumbatia na mavazi yake meupe, akapata doa la grisi begani, akasema ni medali, hataifua. Dada alinitazama kutoka barazani kwa namna ambayo hajanitazama tangu nilipomaliza chuo.

Nina furaha. Ila nimeona jambo moja na silipendi: paka wa kituo alikuwa amelala njiani na hakusikia kitu. Kasuku alimkwepa kwa shibiri.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua. Daraja limeoga matope. Dada anasema mgonjwa wake wa kwanza, mzee wa saratani ya mifupa, leo amelala usingizi mpaka alipomgusa. Amenishukuru kwa niaba yake.

Jumatatu, 18 Machi

Namba saba imeletwa kuzibwa pancha. Nimekuta utando wa mafuta kwenye diski ya breki ya mbele, ile sahani ya chuma iliyo ubavuni mwa mota, mwembamba kama jasho. Nimeufuta kwa kitambaa. Labda ni wa mkono wangu mwenyewe.

Jumanne, 19 Machi

Mvua kutwa.

Sidhani kama ulikuwa wa mkono wangu.

Jumatano, 20 Machi

Jana jioni, Dada alipoingia kuoga, niliiinamia baiskeli yake pale ukumbini, namba tano, nikapitisha kidole kwenye diski. Kidole kikateleza. Nikakinusa. Ilikuwa grisi ile ile.

Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha baiskeli hizi. Ya nyuma ni ya kupunguza mwendo tu, hasa ukiwa na sanduku la dawa na unashuka. Nilichukua spiriti, nikasafisha diski, nikasugua kwa msasa pedi zinazoibana. Dada alitoka bafuni akanikuta nimepiga magoti.

"Unatafuta nini kwenye baiskeli yangu?"

"Naikagua tu. Kesho ushike breki mapema, Dada. Zege limelowa."

"Sawa, mama," akanijibu, akacheka.

Leo asubuhi nilimweleza Mjomba. Alikuwa ananoa tindo. Aliendelea kunoa.

"Ngapi?" akauliza.

"Nimeona mbili. Lakini zote tumezijaza sawa."

"Mbili si kumi na mbili."

"Mjomba, ni breki."

Akaweka tindo chini. "Sikiliza, mwanangu. Mwisho wa mwezi zinakuja zote kwa huduma. Tutazifungua, tutapunguza grisi, tutabadilisha sili, hakuna atakayejua. Tukizirudisha leo, wiki moja tu baada ya kukabidhi, Matroni ataona tumemuuzia mbuzi kwenye gunia. Hatatupa tena hata pancha. Siku kumi tu. Unaweza kukaa kimya siku kumi?"

Nilitaka aseme hivyo. Huo ndio ukweli na ninauandika. Nilishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo, na wala sikumwuliza kama mvua nayo itakaa kimya siku kumi.

Alhamisi, 21 Machi

Kasuku ameanguka.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilikuwa nafunga mnyororo, nikasikia watu wanakimbia kwenye maji, chapa chapa, na mwanamke anaita. Nilijua kabla sijanyanyua kichwa. Niliacha kazi mezani nikakimbia, nikavuka daraja, nikapanda. Alikuwa kona ya pili. Alikuwa ameingia na baiskeli nzima kwenye ukuta wa mfereji. Paja lake la kulia lilikuwa limekunjika mahali ambapo paja halikunjiki. Mvua ilikuwa inamwosha damu usoni na yeye alikuwa macho, anaongea, haachi kuongea, anamwambia kila aliyefika kwamba yupo sawa, wampe dakika tu anyanyuke.

Nilimshika mkono. Baridi kama samaki.

"Fundi," akasema, "umekuja mwenyewe? Baiskeli yako nimeiharibu."

"Nyamaza, usiongee."

"Nilishika breki nikaona inakwenda tu. Ni mvua, fundi. Usijali. Ni mvua."

Wote walisema hivyo. Mvua hii, zege hili, mara ngapi tumeomba mteremko utengenezwe. Mzee mmoja alilitukana baraza la mji kwa kirefu. Nikawa natikisa kichwa kukubali, natikisa kama mwendawazimu, huku macho yangu yakitafuta namba ubavuni mwa baiskeli. Saba. Ile niliyoifuta kwa kitambaa.

Walimbeba kwenye mlango uliong'olewa dukani. Kwenye kila hatua alipiga ukelele mmoja mfupi, halafu akaomba radhi.

Nimerudi karakana, nimekaa chooni, nimefunga mlango. Nilisubiri nilie, machozi hayakuja. Nilichokuwa nawaza, Mungu anisamehe, ni hiki: je, diski itakuwa imeoshwa na mvua?

Dada amerudi salama jioni. Amekaa na viatu vyake vya matope, hajavua, analia kimyakimya kwa ajili ya Kasuku. Nimempa chai.

Ijumaa, 22 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto sehemu nyingine, wa kulia umevimba. Nitaandika yote.

Leo saa moja na nusu nilimkuta Spana ameshafika, peke yake, na namba saba iko juu ya meza. Alikuwa ameifungua gurudumu. Hakunisalimu. Alichukua karatasi nyeupe, akaifutia diski, akaiweka mbele yangu. Ilikuwa na mstari wa njano.

"Na hii ni baada ya mvua ya siku nzima," akasema. "Ulijua?"

Ningeweza kusema hapana. Mdomo ulikuwa tayari.

"Tangu Jumatatu," nikasema.

Nilitegemea anisimange. Niliyemwita mwenye kijicho alinitazama tu, na uso wake ulikuwa umejaa hofu, si kitu kingine. "Zilizobaki kumi na moja ziko wapi saa hizi?"

Nilitazama saa ya ukutani. Wauguzi huanza kushuka saa mbili.

Mjomba akaingia akikung'uta mwavuli. Akaona meza, akaona karatasi, akaelewa. "Tungojeni kwanza," akasema, "tusiende na pupa, tuzungumze kama watu wazima..." Spana alikuwa ameshachukua koti lake. Nilimwona Mjomba akitafuta mahali pa kushika, akashika ukingo wa meza ya kuchomelea, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamwona ni mzee. Nilimpita.

Simu ya kituo iliita bila kupokelewa. Ya Dada pia. Mvua ikinyesha huitia kwenye sanduku la dawa isilowe. Spana akasema yeye atapanda kwa ngazi za nyuma ya tangi, ni kali lakini fupi, azizuie getini. "Wewe shika barabara. Kama kuna aliyekwishatoka, umkute kabla ya daraja."

Nilipofika darajani nilisimama. Mto ulikuwa juu yake. Si mwingi, kifundo cha mguu tu, lakini ulikuwa unapita kasi, rangi ya chai ya maziwa, na ukingo haupo. Ukiingia pale na mwendo, unakwenda na maji. Nikapanda mpaka kati ya daraja na kona ya pili. Simu ikalia.

"Nimezuia kumi," Spana akahema. "Dada yako ameshatoka. Dakika tatu, nne zilizopita."

Alikuwa amesafishiwa Jumanne. Nilijiambia hivyo: juzijuzi tu nimeisafisha. Lakini jana amepanda na kushuka mara nne, mota imechemka mara nne, na pedi zikishanyonya mafuta msasa hauyatoi.

Nilisimama katikati ya barabara nikasikiliza.

Miaka yote kabla ya mwezi huu ungeweza kuisikia baiskeli ya muuguzi toka kwenye tangi. Watoto walikuwa wanaitambua. Mbwa walikuwa wanaanza kubweka kona ya kwanza. Sasa nilisikia mvua kwenye mabati, mto, moyo wangu masikioni, hayo tu. Niliizuia hata pumzi. Niliinamisha kichwa kama Mjomba anavyofanya na bisibisi yake. Hakuna kitu. Angeweza kuwa bado yuko juu. Angeweza kuwa hatua kumi nyuma ya kona. Kazi yangu nilikuwa nimeifanya vizuri mno, na nikasimama pale kama kipofu aliyejitoboa macho mwenyewe. Nikaanza kupiga kelele. Dada! Dada! Simama! Sikujua nampigia nani.

Akatokea. Alikuwa wima kwenye kona, koti la mvua limejaa upepo, na nikaona vidole vyake vyote vinane vimekandamiza breki mpaka mwisho. Hakuwa anapiga kelele. Macho yake yalikuwa makubwa, yananitazama mimi kama vile mimi ndiye ninayekuja kwa kasi.

Upande wa ndani wa barabara udongo ulikuwa umeporomoka usiku, chungu nzima, laini, imefika magotini.

"Kwenye matope!" Nilinyoosha mkono. "Dada, ingia kwenye matope!"

Nilidhani hajasikia. Akalaza baiskeli upande. Nilimrukia au alinigonga, sijui, ninachokumbuka ni usukani kwenye mkono wangu, halafu udongo mdomoni, halafu sanduku la dawa likiviringika peke yake kuteremka mpaka majini, likapotea.

Kisha sauti ya Dada, nyembamba kama ya mtoto:

"Chupa ya mzee iko kwenye mfuko wangu wa ndani. Angalia kama imevunjika."

Kidevu chake kilikuwa kimechanika, damu inachuruzika shingoni, na alikuwa ananiulizia dawa ya maumivu ya mgonjwa. Nikaingiza mkono. Chupa ilikuwa nzima. Nikamwonesha. Akafumba macho, akavuta pumzi mara tatu, akayafumbua.

"Wewe," akasema. "Ulijuaje uje hapa?"

Jumamosi, 23 Machi

Nimemwambia Dada yote. Namba saba, kitambaa, spiriti, siku kumi za Mjomba. Ameshonwa nyuzi sita kidevuni. Hakunikatiza hata mara moja.

Jumapili, 24 Machi

Dada amezungumza mara moja tu leo, akiwa amenipa mgongo, anakunja nguo zake.

"Kuogopa ningekuelewa," akasema. "Hata kunyamaza ningekuelewa. Lakini ulipiga magoti ukaisafisha yangu. Ya mtoto wa watu ukaiacha kama ilivyo."

Amehamia kwa rafiki yake, upande wa pili wa mji. Ameacha kikombe chake, sijui kwa makusudi au amesahau.

Jumatatu, 25 Machi

Tulikwenda kwa Matroni, mimi na Spana. Mjomba alisema kichwa kinamuuma. Spana hakuwa na haja ya kuja, kosa halikuwa lake, lakini alivaa shati safi akatembea pembeni yangu bila maelezo.

Matroni alitusikiliza bila kukaa. Nilipofika kwenye Jumatatu na kile kitambaa, alivua miwani.

"Rudia siku."

"Jumatatu, Matroni."

"Na yeye alianguka Alhamisi."

"Ndiyo, Matroni."

Mlango ukafunguliwa. Mjomba. Alikuwa amevaa koti lake la harusi na misiba, limelowa mabegani, na alikuwa anahema. "Shikamoo si yangu kutoa," akamwambia Matroni, kwa kuwa Mjomba ndiye mkubwa kwa umri, "lakini leo nakuinamia. Kiasi cha grisi nilikiruhusu mimi. Kukaa kimya nilikwambia... nilimwambia mimi. Huyu ni mpwa wangu, alinitii."

"Ana umri gani mpwa wako?" Matroni akauliza.

"Thelathini na moja."

"Basi anajua kutii na anajua kukataa."

Hakupandisha sauti. Amesema baiskeli zitakaa ndani, wauguzi watatembea. Ataandika ripoti na majina yetu yatakuwemo. Tukitaka kazi hii iendelee, tutazirekebisha zote, na hakuna hata moja itakayopandwa na muuguzi kabla sijaiteremsha mimi mwenyewe mlimani, na sanduku lenye uzito kamili, mvua ikinyesha. "Si fundi mwingine," akasema. "Wewe."

Nimekaa chini nje ya geti, kwenye mvua. Spana alinishikia mwavuli.

Alhamisi, 28 Machi

Wauguzi wanapita mbele ya karakana wakitembea. Viatu mkononi. Hawatusalimu.

Jumatano, 3 Aprili

Gramu kumi na tano ndizo. Spana alikuwa sahihi tangu mwanzo, na nimemwambia hivyo mbele ya Mjomba. Akajibu, "Kumi na nne, tukiipaka vizuri." Hatuijazi tena kwa kijiko. Tunaosha gia kwa mafuta ya taa, tunazikausha, tunazipaka grisi jino kwa jino kwa brashi ndogo, ukutani mwa mota hatuweki kitu. Sili mpya ina midomo miwili badala ya mmoja. Pedi zote tumetupa. Kisha tunaifunga karatasi nyeupe kuzunguka upande wa diski na kuiendesha mota mezani saa tatu mpaka ichemke. Karatasi ikitoka na alama hata kama ya kidole cha sisimizi, tunafungua upya.

Inaimba kidogo ikipanda. Hakuna anayetaja.

Jumanne, 9 Aprili

Nimemtembelea Kasuku. Mguu umening'inizwa kwa vyuma. Alinikaribisha kwa maneno mia, nikamkatiza nikamwambia. Akanyamaza. Sijawahi kumsikia akinyamaza. Alinitazama, kisha akageuza uso ukutani, na mgonjwa wa kitanda cha pili akaniambia kwa upole, "Nenda, mwanangu."

Jumanne, 16 Aprili

Mteremko wa kwanza. Namba moja. Nilisimama pale kwenye tangi dakika ishirini. Spana alikuwa kona ya pili amelundika magunia ya mchanga. Nilipoanza kushuka niliona paja la Kasuku, niliona macho ya Dada. Nikashika. Imeshika. Nimeshuka chini nimekaa kwenye maji ya mfereji kama mlevi.

Bado kumi.

Ijumaa, 19 Aprili

Namba nne, karatasi imetoka na doa. Tumefungua upya. Mjomba ndiye aliyeliona, na miwani mbili puani.

Jumatano, 24 Aprili

Zimeshapita saba. Woga haupungui. Nilidhani utapungua.

Kasuku amekubali niingie. Hakunisamehe wala hakunifukuza. Alikuwa anajifunza kusimama na muuguzi wa mazoezi alikuwa amechelewa, akasema kwa sauti kavu, "Usikae tu, nishike." Nikamshika kiunoni. Hatua nne. Alikuwa mzito kuliko nilivyotegemea, alitetemeka mwili mzima, na alinikanyaga mguu. Akasema nirudi Ijumaa.

Ijumaa, 3 Mei

Mvua zinakaribia kwisha. Mbingu zinafunguka mchana. Namba sita, namba kumi, na namba kumi na mbili zimepita. Namba saba haitatengenezwa. Tumeitoa mota yake tumeikata katikati, iko juu ya meza, kila fundi atakayeingia hapa ataiona kabla ya kugusa nyingine.

Imebaki moja. Namba tano.

Ijumaa, 10 Mei

Leo asubuhi ilinyesha, nyepesi. Nikasukuma namba tano mpaka kwenye tangi, Spana akashuka kwenye magunia yake. Nilikuwa nafunga sanduku la mawe nyuma nikasikia hatua.

Dada. Sikuwa nimemwona kwa karibu tangu alipoondoka. Kovu la kidevuni limekuwa jeusi. Alikuwa na sare na begi lake.

"Hiyo ni yangu," akasema.

"Naiteremsha kwanza. Ndivyo Matroni alivyoagiza."

"Najua alivyoagiza." Akaitazama barabara inayong'aa kwa maji. "Toa hayo mawe."

"Dada, lazima kuwe na uzito..."

"Mimi si uzito?"

Alifungua kamba mwenyewe, akashusha sanduku, akakaa juu ya keria, miguu upande mmoja, begi mapajani. Akanishika kiuno.

"Unaogopa?" nikauliza.

"Naogopa. Endesha."

Tukashuka. Kona ya kwanza nilishika mapema, ikashika. Katikati pale penye zege bovu nikaiachia ikakimbia kidogo, kwa sababu jaribio lisilo na mwendo si jaribio, na Dada akazika uso mgongoni mwangu. Kona ya pili. Nikamwona Spana akinyanyuka. Nikakandamiza vidole vyote. Gurudumu likavuta, likavuta, likaguna, na tukasimama hatua kadhaa kabla ya magunia, tumesimama kabisa, maji yakipita chini yetu.

Nikainama, nikapitisha kidole kwenye diski, nikakinyoosha nyuma begani kwangu. Dada akakishika, akakigeuza, akakikagua kwa muda mrefu. Maji matupu.

Akashuka. Akajiweka sawa sare, akachukua usukani mikononi mwangu, akapanda. Alipoanza kuvuka daraja tukaisikia ile sauti ndogo ya gia inayobaki, inaimba, inaimba, mpaka ng'ambo. Pale akasimama, akageuka.

"Mzee ana bandeji nyingi za kubadilishwa leo, nitachelewa," akanipigia kelele. "Ufunguo wa nyumba yetu uache kwa jirani."